Kikombe cha Kwanza

Nilikuwa na miaka tisa, darasa la pili, shida ilipoanza kwetu. Kila nikipita kiwanda cha wiski hapa ugenini, Doornfontein, harufu ya mahindi yaliyochacha hunirudisha Tanga, uani, mama akipika gongo, pombe kali ya magendo.

Kikombe cha kwanza cha kila mpiko alikuwa anakimwaga, maana kinapofusha. Siku hiyo ya shida, askari mmoja aliyeingia uani kutaka kunywa akadhani mama anamficha kilicho kikali.

“Lete hicho, mwanamke wee!”

“Hiki sumu, baba. Ngoja cha pili.”

Akakinyakua. Mama akampiga mkono, kikombe kikaanguka. Askari akamtwanga rungu usoni mpaka jicho likapasuka.

“Macho yako nimekuachia,” mama akamwambia, damu zikimtiririka. “Nenda nayo.”

Leo nina nyumba ya vyumba sita mtaa wa Bellevue, pikapu mbili, na kikombe kile cha bati, kimebonyea.