Pikapu ya Kusukumwa

Nimesema sitaki gari isukumwe tena, na hakuna anayenisikia. Miaka minne tangu mume wangu afariki, hii pikapu haijawahi kuwaka kwa ufunguo. Inasukumwa, na wa kusukuma ni shemeji yangu Etabo na wenzake wawili, na Etabo haamki mpaka jua limchome mgongoni. Ukimwambia aamke mapema anakuuliza kama umemuoa. Mimi nalima nyanya Burat. Wanunuzi wanaopeleka mboga Merti wanapakia sokoni Isiolo saa kumi na mbili asubuhi, na wakishapakia wamekwenda. Mimi nafika saa nne. Nyanya zangu zinanunuliwa na wenye mbuzi, kwa malisho.

Kwa hivyo niliipeleka gari kwa Kuria, fundi wa waya pale mjini. Waya za gari zilikuwa za zamani, nusu zimeliwa na panya, nusu zimefungwa na nailoni. Nikamwambia atoe zote aweke mpya, ufunguo uwashe gari. Ni hilo tu niliomba. Sitamnyima haki yake, alifanya kazi wiki nzima. Kisha, kwa sababu mteja haoni waya, akapaka rangi ya kijani kila mahali chini ya boneti. Alisema kazi lazima ionekane.

Siku ya kuichukua nikazungusha ufunguo. Tak. Nikarudia. Tak. Taa zinawaka, honi inalia mpaka punda wa maji wanashtuka, lakini injini ni tak tu.

Kuria akasema ni betri. Akaazima ya lori. Tak. Akasema basi ni solenoidi, kile kichupa kinachokaa juu ya stata, mota ya kuzungusha injini, na kutoa hiyo sauti. Akaigonga na spana, halafu akaitoa kabisa akaweka nyingine. Tak. Akang'oa stata nzima, akaiweka chini, akaiunganisha na betri, ikazunguka kwa fujo hadi ikaruka. Akanitazama kama mimi ndiye niliyekuwa nabisha. Akairudisha kwa gari. Tak.

Na kila anayepita, jamani, kila anayepita ana ushauri mmoja. Mwenye duka, askari, mzee wa miraa: mama, hiyo isukumwe tu. Mmoja alikuwa ameshakunja mikono ya shati. Nikaingia ndani nikafunga mlango, nikawaambia atakayeigusa hii gari kwa nyuma atanijua.

Kufika saa tisa Kuria alikuwa amechoka. Akafuta mikono, akaniambia kwa ile sauti daktari hutumia akikosa dawa kwamba gari za umri huu ziko hivyo. Waya ni nzima, solenoidi ni nzima, labda ni tabia. Tabia! Halafu akatoa simu akampigia Etabo aje anisukume, bila hata kuniuliza.

Nikazungusha ule ufunguo mara saba, nane, kwa hasira tu. Nikashuka, nikaegemea pale boneti ilipofunguliwa, na mkono wangu ukagusa kebo nyembamba ya mafuta, ile inayovutwa ukikanyaga pedali. Ikaniunguza. Injini haijawaka kutwa nzima, na kebo inachoma kama sufuria.

Nikamwambia Kuria. Akaniambia nikae kivulini, chai inakuja. Ng'o. Nikamshika mkono nikauweka pale mwenyewe. Akautoa haraka, akaupuliza.

"Moto wa betri umekosa njia ya kurudi," akasema polepole. "Unapitia hapa."

Njia ya huo umeme, akanieleza, ni waya mnene unaotoka kwa injini ukafungwa kwa chasi. Akaufuata na kidole. Ulikuwa umefungwa vizuri sana, na nati mpya, juu ya rangi ya kijani. Na rangi haipitishi moto. Na rangi hiyo aliipaka yeye mwenyewe, ili kazi ionekane. Akafungua, akachukua msasa akakwangua mpaka chuma kikang'aa, akafunga tena.

Wakati huo Etabo na wenzake walikuwa wameshafika, mikono iko kwa bodi ya nyuma. Kuria akawaomba wangoje. Nikaingia, nikazungusha ufunguo, na gari ikawaka. Nikazima, nikawasha. Nikazima tena, nikawasha. Nililia kidogo, sitaficha.

Etabo akaja dirishani akipangusa mikono ambayo haikuwa imefanya kazi yoyote. Akaniuliza kesho tunaondoka saa ngapi.

"Mimi naondoka saa kumi na moja alfajiri," nikamwambia. "Wewe lala, shemeji."