Kabali ya Mpiganaji wa Ganako

Nilikuwa nasahihisha mitihani ya kidato cha pili mwenye jimu aliponipigia simu. Kwa miaka mingi alikuwa dereva wa watalii, akishusha magari ndani ya kreta ya hifadhi na kuyapandisha, mpaka mgongo ulipokataa. Akakodi ghala la mahindi nyuma ya kituo cha mafuta pale Karatu mjini, akatandika magodoro ya mazoezi sakafuni, akaning'iniza magunia mawili ya kupigia ngumi. Vijana wakaja. Sasa walikuwa wanataka kufundishwa mapigano ya chini, na mwalimu aliyemfikiria alikuwa mmoja tu.

"Madam, unamjua yule wa Ganako aliyekuwa anapigana MMA?"

Nilimjua kama wengine wote walivyomjua, kwa ile kabali. Miaka kadhaa nyuma alipigana Arusha, pambano la ngumi, mateke na mieleka pamoja, akamkaba mtu shingo kwa nyuma katika raundi ya kwanza, na yule mtu akapiga mkono sakafuni kukubali kushindwa. Video ilizunguka kwenye simu za Karatu nzima. Wiki ile hata wauza vitunguu sokoni walikuwa wanakabana.

"Watu wanasema jujitsu yake ni ya hatari," mwenye jimu akaendelea. "Wewe una mkanda. Nenda kampime, uniletee ukweli."

Mkanda wangu wa jujitsu, mchezo wa kukabana na kunasana chini, ni wa zambarau. Nilianza nikiwa chuoni Arusha, kwa sababu chumba cha mazoezi kilikuwa karibu na hosteli na mwezi wa kwanza ulikuwa wa bure. Zambarau ni katikati ya safari: juu ya nyeupe na bluu, chini ya kahawia na nyeusi. Mimi si bingwa. Ila kwa Karatu hakukuwa na mwingine, na kazi yangu ni kufundisha fizikia, kwa hiyo nilikubali kama ninavyokubali kupima kitu chochote.

Nilipata mapambano yake mawili tu, yote yamerekodiwa na watu wa viti vya mbele. Niliyatazama jioni baada ya jioni, nikirudisha nyuma kwa kidole.

La kwanza ndilo la kabali. Mara ya tatu kulitazama nilianza kuona vitu ambavyo sikuviona zamani. Mpinzani wake hakuangushwa, aliteleza. Alipojaribu kuinuka aligeuza mgongo kukimbia ngumi, akampa mwenzake shingo bila kuombwa. Na mkono wenyewe haukuingia chini ya kidevu. Ulikaa juu ya taya, ukawa unaminya mfupa. Yule mtu alikubali kwa maumivu na kuchoka. Kama angeinamisha kidevu na kutulia kidogo, angetoka.

La pili hakuna aliyelizungumza, isipokuwa kwa kucheka. Alishindwa kwa pointi, na karibu dakika zote kumi na tano alikuwa chali, amelaliwa na mtu mzito kuliko yeye, watazamaji wakipiga kelele kwamba amekwenda kulala. Hilo nililitazama mara nyingi zaidi. Alikuwa ameshika viganja vyote viwili vya yule mtu na hakuviachia. Kila mkono ulipochomoka kupiga, goti lake lilishafika kati yao. Nilihesabu ngumi safi zilizompata usoni katika raundi mbili za mwisho, nikapata moja.

Nakiri nilifurahi. Nilidhani nimegundua kitu ambacho mji mzima umekikosea: kwamba wamemsifia pambano baya na kumcheka kwa lile zuri.

Jumamosi iliyofuata alikuja ghalani. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mabega mapana, mikono imepasuka kwa kazi ya shamba. Siku hizi alikuwa analima maharage na karoti. Mke wake alikuja naye, akakaa kwenye benchi karibu na mlango, kitenge begani. Tulisalimiana kwa Kiiraqw, lugha ya kwetu, tukaulizana habari za nyumbani na za mvua, kisha akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nilipomjibu, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Hakusema amekuja kuangalia nini, na sikumlaumu. Mume wake alikuwa anakwenda kugaagaa chini na mwalimu wa kike.

"Madam, mimi ni miaka minne sijagusa mtu," mume alisema akivua viatu.

"Tutakwenda taratibu, kaka."

Hatukwenda taratibu. Dakika ya tatu nilimnasa mkono na kuunyoosha, akapiga godoro haraka. Tukaanza tena, nikamnasa vilevile, upande uleule. Kushambulia hakujua kabisa. Aliponipata mgongoni, nafasi ambayo mtu wa mkanda wangu huiombea, alinizungushia mkono usoni kama kwenye video, nikainamisha kidevu na kutoka.

Mara ya tatu nilimweka chini, nikakaa juu yake, na hapo nikakutana na mtu mwingine. Alinishika viganja. Nilijaribu kuvichomoa kwa kila njia niliyofundishwa. Nikienda kulia, goti lilikuwa limetangulia. Nikirudi nyuma, alinifuata. Tulikaa hivyo mpaka jasho langu likawa linamdondokea kifuani, na sikupata kitu hata kimoja. Mwenye jimu alikuwa anaangalia saa. Mke wa mpiganaji alikuwa ameinuka kwenye benchi.

"Basi," nilisema. "Pumzika."

Tulikaa tumeegemea ukuta. Nilimweleza nilichokiona kwenye lile pambano la kushindwa, dakika kumi na tano zote, kama ninavyomweleza mwanafunzi aliyepata jibu sahihi bila kujua. Nikamuuliza nani alimfundisha kushika viganja namna ile.

Alicheka kidogo, akamtazama mke wake kwanza.

"Hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa naogopa kusimama."

"Kuogopa nini?"

"Jicho hili la kushoto nilikuwa silioni vizuri. Nilipigwa mazoezini, likabaki na ukungu. Nikisimama, ngumi ya upande huo siioni inatoka wapi. Nikilala chini nimeshika mikono yake, najua iko wapi."

"Walioandaa pambano walijua?"

"Wangejua wasingenipa pambano." Alifuta uso kwa fulana. "Mazoezini nako nikawa hivyohivyo. Nashika mikono. Wenzangu wakawa wananiita kupe."

Nilikuwa nimetafuta maarifa kwenye pambano lile na nikayaona, na sasa mwenye maarifa alikuwa ananiambia ni woga. Nilipiga hesabu upya kichwani. Viganja vilikuwa vimeshikwa kweli, na goti lilifika kweli, hata kwangu mimi, miaka minne baadaye. Lakini mtu aliyekuwa anafanya hivyo hakuwa anapigana na mpinzani wake. Alikuwa anajificha nyuma ya mikono ya yule mtu.

"Na ile kabali?" akaniuliza. "Ulitoka kama nimekushika kwa kanga."

"Haikai sawa."

"Nionyeshe."

Nilimwonyesha, huku mke wake amesogea karibu: kiwiko kikae chini ya kidevu, mfupa wa mkono usiguse koo, kifua kishikane na mgongo. Nilipombana alipiga godoro mara moja, akageuka, macho yamejaa maji.

"Kumbe yule jamaa wa Arusha angetoka."

"Angetoka."

Alikaa akiangalia miguu yake. Mke wake akamwambia kitu kwa Kiiraqw, kwa sauti ya chini, kwamba fedha za ule ushindi ndizo zilizoezeka nyumba na bati halijui kama mtu angetoka. Tulicheka wote watatu. Mwenye jimu, ambaye ni Mchaga na hakuelewa, akacheka pia.

Jumatatu nilimpelekea mwenye jimu karatasi yenye mistari michache. Niliandika kwamba kwa kushambulia yule mtu ni mwanafunzi, bluu na si zaidi. Kwamba akiwa chini ya mtu ni mgumu kuliko mimi. Na kwamba anafaa kuwafundisha wanaoanza, kwa sababu wanaoanza ndio hulaliwa. Habari ya jicho sikuiandika. Haikuwa yangu.

Mwenye jimu alisoma mara mbili.

"Madam, watu wanakuja kwa ajili ya kabali. Hapa umeniandikia habari za kulala chini."

"Umeniomba ukweli."

"Niliuomba," alisema, akaikunja karatasi na kuitia mfukoni.

Alimwajiri, kwa Jumanne na Alhamisi alasiri. Mimi nilikuwa nakwenda Alhamisi baada ya vipindi. Alifundisha vizuri kuliko nilivyotegemea, kwa maneno machache, akirekebisha vijana kwa kuwashika mikono. Wengine walichoka mapema, maana walitaka kukaba. Waliobaki walikuwa saba, pamoja na askari mmoja wa wanyamapori ambaye kwao ni Endulen na ambaye hakuwahi kukosa.

Suala la jicho nilimbana nalo mimi, kila Alhamisi, mpaka mke wake akachoka kunisikia, akampandisha basi kwenda hospitali ya macho. Alirudi siku ya pili. Nilimkuta shambani kwake Ganako, anafunga viroba vya karoti, gari la mnunuzi limesimama barabarani na dereva anapiga honi.

"Wamesema la kushoto nimechelewa," alisema bila kuacha kufunga. "La kulia zima. Nisipigwe ngumi tena hata ya utani. Kushikana chini nimeruhusiwa."

Akanipa ncha ya kamba nishike, akaikaza kwa goti, tukaenda kwenye kiroba kingine.