Fundi wa rangi anayeazima macho ya mkewe

Jua la asubuhi limeingia sebuleni kupitia mlango ulio wazi, na fundi anataka kuufunga.

"Mama watoto, watu wanapita," anasema, brashi mkononi.

"Wapite," anajibu mkewe bila kuinua kichwa kwenye cherehani. "Rangi haipimwi gizani."

Mlango unabaki wazi. Mwanamume huyu wa makamo, mrefu, mwenye madoa ya rangi hadi kwenye nyusi, anarudi ukutani kando ya dirisha. Hapo kuna viraka vinne vya rangi, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa sahani, vyote vimeshakauka. Ni majaribio ya chumba cha kulala atakachoanza kukipaka kesho. Anavitazama, anasogea, anarudi nyuma, anafumba jicho moja. Kisha anauliza kwa sauti ya mtu anayekwenda kuomba chumvi kwa jirani yule yule kwa mara ya tatu:

"Mama watoto, hiki cha mwisho kimekaaje?"

Mkewe anatoa pini mdomoni, anainuka na kuja hadi ukutani. "Hicho kijivu. Tena kina ubluu kwa mbali, kama moshi wa mkaa."

"Na mteja alitaka?"

"Ganda la yai. Ganda la yai ni hiki cha pili."

Fundi anaitikia kwa kichwa na kuweka alama ya penseli chini ya kiraka cha pili. Muda wote huo hamtazami mwandishi wa makala haya hata kidogo.

Wauzaji wa duka la rangi ndio waliompa jina la Upinde, kwa upinde wa mvua. Ungemletea jani, kitambaa au kipande cha kigae kilichovunjika, naye angekichanganyia rangi yake ndooni kwa jicho tu, bila kadi ya rangi wala mashine.

"Wenzangu wakishindwa rangi walikuwa wananiita mimi," anasema. "Nilikuwa naringa, siwezi kukudanganya. Naingia dukani kifua mbele."

Upinde ndilo jina pekee alilokubali liandikwe. "Wanaonijua watanijua. Wasionijua, wacha niendelee kuwaonea haya kwa mbali."

Tatizo lilikuja taratibu. Mwanzoni alidhani ni vumbi la msasa. Taa zikaanza kuwa na ukungu, karatasi nyeupe zikawa kama zimemwagiwa chai. Hakumwambia mtu.

"Fundi rangi aseme haoni rangi? Ni kama mpishi aseme hasikii ladha ya chumvi. Nani atamwachia jiko?"

Akaendelea kuchukua kazi, na moja ya kazi hizo ilikuwa ya mkunga mstaafu. Mama huyo alikuwa anaandaa chumba cha binti yake, aliyekuwa hospitalini akijifungua mtoto wa kwanza baada ya mimba mbili kuharibika. Alitaka krimu, rangi ya maziwa yaliyotulia, kisha akaenda kukaa na mwanawe wodini. Nyumba akamwachia fundi.

"Nikachanganya," anasimulia Upinde. "Kila nikitazama ndoo naona njano imezidi. Nikatia tone la bluu kuipoza. Natazama, bado njano. Naongeza tena."

Hata mtoto mdogo aliyewahi kuchezea rangi anajua njano na bluu zikikutana zinazaa nini. Fundi mwenye ndoo ndiye hakukiona kijani kilipozaliwa. Akapaka kuta zote, akapaka mara ya pili, akafuta sakafu, akafungua madirisha, akasubiri wenye nyumba.

Walifika mchana. Binti akasimama kizingitini, mtoto kifuani. Hakuingia.

"Mama," akasema, "mbona umenirudisha wodini?"

Kuta za chumba zilikuwa na kijani kile kile kilichofifia cha wodi alikopoteza mimba zake mbili. Akaanza kulia.

"Fundi, hii ndiyo krimu?" mkunga akauliza.

"Ndiyo, mama. Krimu safi kabisa."

"Unaniona mimi kipofu?"

Upinde anapofika hapa anajifuta uso kwa mkono wenye rangi na kuongeza doa jingine shavuni. Mkewe anasimamisha cherehani.

"Nilikuwa natabasamu," anasema fundi. "Hicho ndicho kinachonila. Mtoto wa watu analia, mimi natabasamu, nasubiri kusifiwa."

Aliondoka bila kuchukua hata brashi zake. Habari ikatangulia kufika dukani, na alipopita siku chache baadaye kununua msasa akasikia mtu akisema nyuma ya makopo, "Upinde umepauka." Watu wakacheka. Naye akacheka, ili asionekane ameumia, akarudi nyumbani bila msasa.

Nyumbani alisema mgongo unauma. Akalala siku nzima, na siku iliyofuata, akigeukia ukuta. Kazi zikampita. Mkewe, anayeshona mapazia na sare za shule, alimkanda kwa maji ya moto, hadi alipomwomba ampe uzi wa bluu kutoka kwenye kikapu.

"Akanipa wa kahawia," anasema mama huyo. "Nikamwambia, 'Baba watoto, mgongo gani huo unaochagua uzi wa kahawia ukiombwa wa bluu?'"

Fundi alijaribu kusema ameokota wowote tu. Mkewe akamwaga kikapu chote kitandani, akamwambia ataje nyuzi moja moja. Alitaja tatu, akakwama.

"Nilikasirika," anasema mkewe. "Hasira yangu haikuwa ya macho. Macho ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine. Ila tunalala kitanda kimoja, anywe chai yangu, aniangalie usoni, na asiniambie?"

Ni yeye aliyemlazimisha kununua ndoo nyingine ya rangi nyeupe. Wakachanganya hapa sebuleni, wakapaka viraka ukutani, wakangoja vikauke, kwa sababu rangi mbichi ni mwongo. Fundi akawa mikono, mkewe akawa macho. Krimu ilipopatikana, mama huyo akafunga cherehani, akajitwika ndoo kichwani, wakaenda wote kwa mkunga.

Njiani Upinde aligeuza mara mbili. Mkewe hakugeuza, basi na yeye ikambidi amfuate.

"Nilifika nikasahau maneno yote niliyopanga," anasema. "Nikasema tu, 'Mama, nisamehe. Sioni rangi. Nilijua kuna kitu na nikanyamaza.'"

Mkunga alimshika mkono akampeleka dirishani, akamwinamisha kichwa, akammulika kwa tochi ya simu, jicho hili, kisha lile.

"Mficha uchi hazai, fundi," akasema. "Una mtoto wa jicho, mdogo wangu. Tena amekomaa." Akazima tochi. "Maisha yangu yote nimepokea watoto. Huyu wako ndiye wa kwanza ninayetaka atolewe na asirudi tena."

Kutoka sebuleni, binti aliyekuwa akinyonyesha aliangua kicheko mpaka mtoto akashtuka.

"Kila mtu aliona limekwisha," anasema Upinde. "Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Afadhali wangenitukana." Alipaka chumba kile upya, mkewe akiwa amesimama nyuma yake kutoka ukuta wa kwanza hadi wa mwisho.

Daktari wa macho alithibitisha maneno ya mkunga. Jicho la kulia litafanyiwa upasuaji mwezi ujao, la kushoto litafuata. Kabla ya hapo, kazi ni chache. Zamani alikuwa akimaliza nyumba hii huku nyingine ikimngoja. Sasa akipata chumba kimoja anashukuru. Wateja wengine huwaambia ukweli mapema, kwa wengine ukweli humshinda.

"Ulimi unakuwa mzito. Nasema nakwenda kujaribu rangi nyumbani, basi. Siwaambii nani anajaribu."

"Mimi simwelewi," mkewe anadakia. "Kumuuliza mke wako ni aibu, kulala njaa si aibu?"

Fundi anacheka kidogo, kwa mara ya kwanza asubuhi hii, kisha kicheko kinakatika. Anaulizwa atafanya nini akishafunguliwa bandeji.

Anasema atatembea. Atagonga kila mlango aliopaka tangu macho yalipoanza kumchezea, aombe kuingia, atazame kuta kwa macho yake. Palipoharibika atapaka upya, kazi yake bure.

"Kuna chekechea," anasema taratibu. "Nilipaka darasa lao mwaka jana. Walitaka bluu ya anga. Nilipomaliza, yule mwalimu akaniambia, 'Asante sana, fundi,' akainamisha macho. Nikamsifu moyoni, nikasema huyu binti kalelewa."

Anageuza brashi mkononi, anaitazama kama si yake.

"Sasa nataka kujua alikuwa anaficha nini. Nitaanzia pale."