Unga wa Njano Ndani ya Sega

Siku hizi chavua ya nyuki inauzwa madukani mjini Arusha, imetiwa kwenye chupa safi, na watu wanaambiana ina protini, ina vitamini, ina madini. Haya. Mimi niliijua kabla haijapata chupa, tulipokuwa tukiiita unga wa nyuki, na nina kinyongo nayo mpaka leo.

Kwetu ni juu ya Ngaramtoni, upande wa mlima unaokauka mapema. Ilikuwa wakati wa Mwingereza. Baba alikuwa na ng'ombe wachache, shamba la mahindi, na mizinga aliyorithi kwa babake, imetundikwa msituni. Kisha bwana msitu akaweka mipaka, akasema kuanzia pale ni mali ya serikali. Mizinga ikateremshwa, askari wake wakaifanya kuni. Baba alirudi akakaa na ng'ombe wake. Tangu hapo asali kwetu ikawa ya kuisikia kwa wengine.

Mwaka mmoja mvua zilikosekana, ng'ombe wakakauka, na mama naye maziwa yakamkauka. Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, akawa anakula uji wa mahindi mtupu. Miguu ikamvimba. Nywele zikawa nyekundunyekundu, ukizivuta zinakuja. Mtoto aliyekuwa akitusumbua kwa makelele sasa alikuwa akikaa pale unapomweka, anaangalia tu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimbeba mgongoni, nilijua uzito wake. Ulikuwa wa maji.

Muuguzi wa dispensari ya misheni alimtazama akasema, "Mama, huyu ana njaa, ingawa tumbo lake limejaa. Mpe maziwa, mayai, maharage." Mama aliitikia kwa adabu, na njiani akacheka kicheko kibaya. Maziwa ayatoe wapi? Maharage aliyapata kidogo kwa jirani, akawa anayaponda na kuyachanganya kwenye uji.

Bibi mzaa mama alikuwa na lake. Mtoto aliyevimba miguu, alisema, anataka unga wa nyuki, ule wa njano uliojazwa kwenye vijumba vya sega jirani na majana, wale watoto wa nyuki. Nyuki wenyewe huwalea watoto wao kwa unga huo. Asali, alisema, ni ya wakubwa. Mama akaenda sokoni Ngaramtoni kuutafuta, lakini wauza asali walikuwa wameshakamua na kuchuja. Akarudi mikono mitupu na mdomo umemkauka.

Na muda wote huo asali ilikuwamo ndani ya nyumba yetu.

Ilikuwa ya mchumba wangu. Nasema "wangu" kwa sababu ndivyo inavyosemwa, mimi sikuwa nimemwomba mtu. Alikuwa mtu mzima, mwenye mke tayari, na mizinga yake ilikuwa nje ya mipaka ya serikali. Wazee wake walileta kibuyu kikubwa cha masega, kimefungwa mdomo kwa ngozi, kikawekwa kwenye kona ya mama. Kwetu asali ya namna hiyo haionjwi hivi hivi. Ikikaa imefungwa, jibu bado. Ngozi ikifunguliwa, binti ameshatolewa, hakuna la kuzungumza tena ila ng'ombe.

Baba alikuwa ameiacha imefungwa makusudi. Mwalimu wa misheni alikuwa amekuja nyumbani kuniombea niendelee na shule ya bweni ya wasichana, na baba, ambaye si mtu wa kusifu mtoto, alisema, "Wacha tuone." Kwa baba hiyo ilikuwa karibu na ndiyo. Nilikuwa nikikipita kile kibuyu asubuhi na jioni, na kila nikikuta ngozi iko vilevile, roho yangu inatulia.

Asubuhi moja nilirudi na maji nikamkuta mama amepiga magoti kwenye kona. Ngozi ilikuwa chini. Alikuwa akichokonoa sega kwa kijiti, anatoa ule unga wa njano, anaukusanya kwenye kata. Aliniona. Hakuniuliza kitu. Akasema, "Mshike kichwa," nami nikamshika mdogo wangu kichwa, akalishwa uji wenye uchungu, akatema, akalishwa tena. Mimi sikupewa hata kuonja. Nilibaki na harufu tu, ya maua yaliyochacha.

Baba aliporudi akaiona ngozi. Alimtazama mama, akamtazama mtoto, akatoka kwenda kuwaita wazee.

Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Miguu ilinywea, akarudia makelele yake. Alisoma yeye, akasoma sana, akawa mganga wa hospitali. Mimi nilikwenda kwa mwenye asali. Hakunipiga sana, na kwa watu wa kwetu huo ndio unaoitwa wema.

Mwezi uliopita mdogo wangu alikuja kwangu Sekei na chupa ya chavua. Sasa naye ni mzee, ana mvi. Akaanza kunifundisha: ina protini kama nyama, ina vitamini, itakupa nguvu, dada. Nikamwambia nafahamu, ndiyo iliyokuponya. Akacheka. Akasema, "Ile? Dada, ile ilikuwa kiasi kidogo mno. Kijiko kwa kijiko haimtoi mtoto kwenye unyafuzi. Mimi niliponywa na maharage ya jirani."

Alisema bila ubaya wowote, kama mganga anavyosema jambo analolijua. Habari ya kibuyu anaijua tangu utotoni, ila hajawahi kuiweka kando ya yale maharage akajiuliza mimi nilitolewa kwa nini. Nikatamani kumzaba kofi. Nilimbeba mtu huyu mgongoni.

Akafungua chupa, akanimiminia kidogo kiganjani. Nikaitia mdomoni, mara ya kwanza maishani mwangu.

"Ikoje?"

"Chungu."

"Utazoea," akasema.

Hivyo hivyo ndivyo mama alivyoniambia siku waliyonichukua.