Paja la Baba Mkwe

Nyinyi vijana mtakaosoma hii, msije mkasema hamkuambiwa. Miaka ile ya tisini mume wangu alipooza upande mmoja. Alikuwa ameanza kusimama kwa fimbo wakati hospitali ilipotuletea mwanafunzi wa kunyoosha viungo, pamoja na mwalimu wake aliyekuja kumtahini. Kwetu Nyamira mke wa mwanao hagusi mwili wako. Hata mkono hampeani. Kijana hakuuliza. Alimwita mke wa mwanangu, akafunua blanketi.

“Shika paja hapa juu, dada. Mbona unatetemeka, kwani ni nyoka?” Akacheka.

Msichana wa watu alikimbilia migombani. Mzee akageukia ukuta, akalia.

Mwalimu akaniuliza, “Mama, tumsamehe? Nikimwangusha atarudia mwaka.”

“Mwangushe. Akajifunze kwa paja la mama mkwe wake.”

Kijana alipiga magoti, akaniita nyanya. Nilimmiminia chai mwalimu peke yake.

Tangu siku hiyo mzee alikataa mazoezi. Wanangu walipotaka kumleta mtu mwingine wa viungo, niliwaambia, “Asiingie mtu hapa. Huo mguu wacheni ukauke.”