Mwenye Meza Husemea Kila Mtu

Mchezo wenyewe uliletwa na binamu yangu, aliyekuwa mhudumu katika hoteli moja ya Diani. Mgeni wa Kizungu aliuacha chumbani: kitabu kinene cha Kiingereza na mfuko wa dadu zenye nyuso nyingi kuliko dadu zozote nilizozijua mimi. Binamu alisoma kurasa mbili akanitupia kitabu. "Wewe mwalimu, na kelele zako, hiki chakufaa." Nilikuwa nikifundisha shule ya msingi hapo Ukunda, na kelele ni kweli ninazo.

Si mchezo wa ubao wala kete. Kila mchezaji ana mtu wake wa kubuni, anaeleza mtu huyo anafanya nini, na mmoja wenu, ambaye hana mtu wake, anasema kinachofuata. Jambo likiwa na shaka, dadu zinaamua. Huyo mmoja ndiye huwasemea watu wengine wote: muuza samaki, karani, mwizi, mama mkwe. Sisi tulimwita mwenye meza. Nilikuwa mimi, ingawa meza yenyewe ilikuwa ya kukatia nguo, mali ya fundi cherehani aliyepanga kibarazani kwetu na aliyecheza nasi kila Jumamosi alasiri. Mchezaji wa tatu, baada ya binamu na fundi, alikuwa jirani yetu. Wazazi wake walitoka bara wakapewa shamba huku. Yeye kazaliwa hapa hapa, na bado tulimwita mtu wa bara.

Kitabuni mlijaa majoka na ngome. Nikayafuta yote. Mtu ataogopaje joka ambalo hakuliona yeye wala bibi yake? Ulimwengu wangu ulikuwa Kwale hii hii. Ukitaka kwenda Vanga baada ya mvua, gari linakwama, unalala njiani, mbu wanakula. Ukifika ofisi za Matuga, karani katoka, na hakuna ajuaye atarudi lini. Ukiingia nyumba ya mtu bila hodi, hupewi hata maji, dadu zikupende zisikupende.

Jirani ndiye aliyeumia.

"Naingia, namuuliza mzee njia."

"Hukupiga hodi. Hukumwamkia. Mzee kakunyamazia."

"Ai, dada! Si hii ni mchezo tu?"

"Mchezo ndiyo. Uongo siyo."

Binamu akicheka mpaka analalia meza. Kuna siku tuligombana kweli kweli. Fundi, mtu mpole asiyeweza kumkatalia mteja, alitaka mtu wake aliyevunjika mguu apone kesho yake. Nikamwambia mfupa haujui upole. Akachechemea mezani miezi mitatu, maskini, na akaninunia zaidi ya hapo.

Lakini jirani alishika mambo. Mtu wake alikuwa mkulima wa Msambweni, na Jumamosi baada ya Jumamosi alimjengea nyumba: kuta za udongo kwanza, mabati baadaye, mlango mwisho. Wenzake wakihangaikia hazina, yeye anauliza kama mihogo imeota. Nilimpenda kwa hilo.

Mwaka wa tisini na saba zikazuka fujo. Vijana walipita wakiwaambia watu wa bara warudi kwao, na nyumba ya wazazi wa jirani ikachomwa. Hakufa mtu kwao, alhamdulillahi. Walilala uwanja wa kanisa, kisha wakapanda basi kwenda kwa jamaa zao.

Mwaka uliofuata jirani akarudi peke yake. Mnunuzi wa shamba alikwisha kupatikana, na baba yake alimwachia yeye uamuzi: auze, au ajenge upya warudi wote. Alitaka kurudi. Alitwambia waziwazi kwamba huko bara hamjui mtu, hata mvua za huko hazijui. Kilichomzuia ni kitu kimoja tu: alitaka kujua kama waliochoma walikuwa majirani. Kama ni wapita njia, atajenga. Kama ni watu anaosalimiana nao, hataweza kulaza watoto pale.

Akapita nyumba kwa nyumba akiuliza. Kila mlango alikaribishwa chai na mahamri, na kila mlango akajibiwa jibu moja: "Wale hawakuwa watu wa hapa. Walikuja tu." Mamangu alimjibu hivyo, fundi alimjibu hivyo. Ndivyo tulivyo sisi. Mtu mwenye msiba hatumwongezei, na neno chungu tunalifunika kwa adabu mpaka linasahauliwa na aliyelificha. Mimi pia nilimjibu hivyo, nikamwongezea na sukari.

Jumamosi akaja mezani. Fundi alifurahi, akakunja vitambaa vyake upesi.

"Mtu wangu anarudi kwake Msambweni," jirani akasema. "Nyumba ipo?"

"Ipo!" binamu akadakia. "Mwambie ipo, jamani, mchezo tu huu!"

Jirani hakumtazama. Alinitazama mimi. "Fundi alichechemea miezi mitatu, dada. Leo usinihurumie."

"Haipo," nikasema. "Imechomwa."

"Namtafuta mmoja wa waliochoma."

"Umempata. Yuko kibandani, anakunywa chai."

"Namuuliza: ulipoichoma, ulikuwa unanijua?"

Haya sasa. Kazi ya mwenye meza ilikuwa hapo, na kitabu cha Mzungu hakikuwa na ukurasa wake. Watu wote ni wangu kuwasemea, na yule kijana naye alikuwa wangu. Ningempa sauti ya mgeni kutoka mbali, meza nzima ingejua nadanganya, maana mgeni gani angejua gizani nyumba ipi ni ya nani, na ipi ya kurukwa? Hilo sote tulilijua tangu asubuhi ile ya moshi. Hakuna aliyelitamka. Fundi akanisukumia dadu taratibu, aniokoe. Nikazirudisha.

"Nilikujua," nikasema. "Tumesoma darasa moja."

Fundi akainama kutafuta sindano ambayo haikuanguka. Binamu akajishika kichwa. Jirani akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesomewa jibu la hospitali alilokuwa akilitarajia. Hakukasirika.

"Ahsante, dada," akasema. "Wewe ndiye wa kwanza."

Akamaliza chai, akatuaga mmoja mmoja kwa mkono. Wiki ile ile akamuuzia yule mnunuzi.

Binamu alinijia juu. "Umemfukuza! Neno moja la uongo lilikushinda?" Nikamwambia si mimi niliyemfukuza, aende akawaulize waliomfukuza, anawajua kwa majina. Tukapigiana kelele mpaka mama akaja kutuachanisha. Kisha nikaenda jikoni nikalia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, na mchezo ukaishia hapo.

Binamu sasa ni mtu mzima mwenye mvi, na tukikutana arusini bado hunishika mkono akanambia ningemfanya yule kijana wa kibandani aseme, "Sikukujua." Ningeweza. Jirani asingeniamini, lakini angejenga.