Kifo cha Mfalme wa Mama Springi

Inatangazwa kwa masikitiko makubwa, kwa ndugu, jamaa, marafiki na hata mahasimu, kwamba mfalme mweupe wa Mama Springi, fundi wa makochi, alifariki Jumamosi alasiri kwenye fainali ya sataranji ya mji. Daktari alikuwepo. Ni daktari wa meno, na ndiye aliyemuua.

Chanzo cha kifo, kwa mujibu wa mtaa mzima, ni umeme. Katikati ya mchezo taa za ukumbi zilizimika, saa za wachezaji zikasimamishwa, watu wakakaa gizani wakikohoa. Taa ziliporudi, Mama Springi akacheza kama mtu aliyeamshwa kwa maji baridi, na muda si mrefu mfalme akalala. Klabu yake ikapandwa na hasira. Msimamizi wa mashindano, mtu asiyependa kelele, akasema fundi akisaini tu barua ya malalamiko, mchezo utarudiwa kuanzia pale taa zilipozimika. Mshindi ndiye anayechukua nafasi ya mwisho kwenye timu ya taifa, nafasi ambayo Mama Springi ameiwinda tangu nywele zake zikiwa nyeusi zote.

Mtu mwingine angesaini kwa mikono miwili na mguu juu. Yeye Jumapili alifungua karakana, akaweka ubao wa sataranji juu ya kochi la mteja lililokwisha kuchunwa ngozi, akaanza kumpasua marehemu.

Ana namna yake ya kazi. Mteja akileta kochi lililobonyea, huonyesha pale palipobonyea. Mama Springi hata hapatazami. Hulipindua, akafuata mikanda ya chini kutoka kwenye shimo kurudi nyuma, mpaka aupate uliolegea mwanzo, ambao mara nyingi uko upande wa pili, umejikalia kimya kama hauhusiki. Ndivyo alivyouendea mchezo: kutoka mautini kurudi nyuma, hadi pale taa zilipozimika. Hapo akasimama, akamwita mumewe.

"Baba watoto, njoo uwe daktari."

Mumewe anauza rangi za nyumba, na kwenye sataranji farasi humwita punda. Hajawahi kumfunga mkewe, wala mtu mwingine yeyote anayejulikana.

"Mke wangu, unachambua nini hapa? Giza lile lingemfunga mtu yeyote."

"Wewe unafungwa hata juani. Cheza."

Wakacheza kuanzia pale. Mume akashinda. Akainuka, akachungulia mlangoni kutafuta shahidi.

"Tena," mke akasema, akajaribu njia nyingine. Mume akashinda tena, akaanza kupiga mluzi. Mara ya tatu alikuwa tayari anamshauri mkewe apunguze haraka.

Mama Springi hakununa, na hapo ndipo pa kumvulia kofia. Kama hata huyu anashinda kuanzia hapa, basi mfalme alikuwa maiti kabla ya giza. Akarudisha hatua chache zaidi, akaona. Daktari alikuwa ameacha askari mmoja wa bure pembeni, naye Mama Springi akamtuma malkia wake kumla, huko mbali, mfalme akabaki nyumbani peke yake na mlango wazi.

"Ni uroho," akasema. "Uroho mtupu. Sikuwa na haja na yule askari hata kidogo."

"Hilo usimwambie mtu," mume akamwonya, akipanga vipande upya kwa furaha. "Turudie?"

Tunaishi na watu ambao wakianguka kwenye ngazi huishitaki ngazi. Huyu mama aliletewa ngazi ya kushitaki, hakimu keshakubali, mashahidi wamejaa ukumbi, naye akainama kukagua viatu vyake.

Jumatatu asubuhi katibu wa klabu akaja na barua na kalamu mbili, isije moja ikakataa kuandika.

"Mama, hapa chini tu."

"Sisaini. Nilishafungwa kabla taa hazijazimika."

Katibu akamtazama, akatazama barua, akakaa juu ya kochi lililochunwa bila kuangalia, springi ikamjulisha alipokaa. Hata hivyo hakuinuka. Moyo ulikuwa umemjaa.

"Mama, nafasi ya timu ya taifa! Umeisubiri miaka yote hii, leo unaiachia kwa ajili ya ukweli. Uungwana wa namna hii lazima vijana wa klabu wausikie. Niwaambieje?"

Mama Springi akang'oa msumari, akautupa koponi.

"Waambie mchezo ukirudiwa yule daktari atanifunga tena. Safari hii taa zikiwaka."